Njia ya Kwenda Kaoze: Ramani za Kidijitali Katika Kazi ya Kuokoa Maisha

Mtu anayesimama kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mashariki ya mji wa Sumbawanga, huliona Bonde la Rukwa limetandazwa chini yake mfano wa mkeka. Nyuma yake umelala uwanda wa juu wa Ufipa, wenye baridi na mashamba ya mahindi na maharage, ambako mji huo umejengwa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake, kwenye kimo kipatacho mita 800, kuna joto, mpunga, makundi ya ng'ombe na maji ya Ziwa Rukwa. Kutoka Ntendo barabara hushuka hadi Muze, kisha hulifuata bonde kupitia Mtowisa na Ilemba hadi Kaoze, na kuendelea mpaka Kilyamatundu kando ya mto Momba. Wakati wa kiangazi safari hiyo ni ya vumbi. Wakati wa masika mito inayoporomoka kutoka ukingoni hujaa ghafla, na mahali palipopitika asubuhi huweza kufungwa jioni.

Na uchukuliwe mfano wa kufikirika. Ni mwezi wa Februari. Mganga wa zahanati moja ya bondeni anapiga simu mjini kueleza kwamba watu wameanza kuharisha na kutapika kwa namna inayofanana na kipindupindu. Mjini yapo maji ya dripu, ipo klorini ya kutibia maji, lipo gari na dereva yupo tayari. Kinachokosekana ni majibu ya maswali manne. Wagonjwa wanatoka vitongoji gani? Vitongoji hivyo vina watu wangapi? Watu hao huchota maji wapi? Na gari lipite njia gani iwapo kijito cha kawaida hakivukiki? Maswali yote manne ni maswali ya ramani.

Mfano ni wa kufikirika, lakini hatari yenyewe ni ya kweli. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi ya Tanzania, na mwaka 2018 Wilaya ya Sumbawanga ilikuwa miongoni mwa zile zilizotoa taarifa za wagonjwa. Ugonjwa huu huweza kumuua mtu mzima kwa muda wa saa chache kwa kumkausha maji mwilini, ilhali tiba yake, ikiwahi, ni rahisi. Kwa hiyo umbali kati ya dawa na mgonjwa una uzito sawa na ubora wa dawa yenyewe.

SOMO LA LONDON

Uhusiano wa ramani na kipindupindu si wa leo. Mwishoni mwa Agosti 1854 ugonjwa huo uliulipukia mtaa wa Soho mjini London na kuua watu zaidi ya 600. Siku hizo matabibu wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alikuwa na wazo jingine, kwamba huletwa na maji. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akauliza waliokufa walikuwa wakinywa maji ya wapi, na baadaye akaiweka kila maiti kwenye ramani kwa mstari mdogo mweusi mbele ya nyumba yake. Mistari ilijikusanya kuzunguka bomba moja la maji katika barabara ya Broad Street.

Kilichotia nguvu hoja yake ni zile sehemu ambazo hazikuwa na mistari. Karibu kabisa na bomba lile palikuwa na kiwanda cha bia, na wafanyakazi wake hawakuanguka kama jirani zao. Walikuwa wakinywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Mpini wa bomba uliondolewa tarehe 8 Septemba, wakati ambapo mlipuko ulikwisha anza kupungua. Ramani yenyewe ilikuja baadaye kama ushahidi wa kudumu. Somo lililobaki ni hili: orodha ya majina ya wagonjwa hueleza ni wangapi, bali ramani hueleza ni kwa nini.

Hata hivyo Snow alikuwa na bahati. Mtaa wa Soho ulikwisha pimwa na kuchorwa kabla ya ugonjwa kuingia. Yeye aliongeza wagonjwa na mabomba tu.

RAMANI HUZEEKA

Magharibi mwa Tanzania upimaji wa kitaalamu nao una historia ndefu. Mapema miaka ya 1930 wapimaji wakiongozwa na Martin Hotine walipima safu ya pembetatu kandokando ya meridiani ya 30, wakipandisha vyombo vyao vileleni ili kilele kimoja kionekane kutoka kingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege zilipiga picha za ardhi kutoka juu, na kutokana na picha hizo zikachorwa ramani za kipimo cha 1:50,000 ambazo wanafunzi wengi wa Jiografia wamezitumia darasani.

Kazi hiyo ilikuwa bora, na milima iliyochorwa humo haijahama. Lakini katika kipimo hicho sentimita 1 ya karatasi ni mita 500 za ardhi. Nyumba yenye upana wa mita 5 ingekuwa na upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani nyembamba kuliko ncha ya penseli. Mchoraji hulazimika kuweka alama moja badala ya nyumba nyingi, na kitongoji kidogo huweza kuachwa kabisa.

Tena watu huhama. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni ya wananchi kutoka makazi yaliyotawanyika, kiasi kwamba ramani iliyochorwa kwa picha za kabla yake iliweza kuonyesha mahame na kuviacha vijiji vipya. Katika miongo iliyofuata wafugaji kutoka Usukuma waliingia Bonde la Rukwa na mifugo yao, wakajenga mbali na barabara. Wavuvi nao hupiga kambi na kuzivunja kwa kufuata samaki na maji. Ziwa lenyewe halina mto utokao, na kwa kuwa ni la kina kifupi, mabadiliko madogo ya mvua hulinyoosha au kulifupisha sana. Mwaka 1929 urefu wake ulikadiriwa kuwa kilomita 50 tu; mwaka 1939 ulikadiriwa kuwa kilomita 128.

Hata mipaka ya utawala hubadilika. Ramani ya mwaka 2011 inaonyesha Mpanda ndani ya Mkoa wa Rukwa. Tangu 2012 Mpanda ni ya Mkoa wa Katavi. Kilyamatundu, ambako zamani mto Momba ulikuwa kizuizi, sasa pana daraja la kuvukia kwenda Kamsamba katika Mkoa wa Songwe. Mhudumu wa misaada anayetumia karatasi ya zamani angeweza kuzunguka siku nzima kulikwepa jambo ambalo halipo tena.

RAMANI YA KIDIJITALI NI NINI?

Ramani ya karatasi ni picha. Ramani ya kidijitali ni daftari la tarakimu ambalo kompyuta huligeuza kuwa picha kila linapohitajika. Ndani yake kisima hakikuhifadhiwa kama doa la buluu. Kimehifadhiwa kama namba mbili, latitudo na longitudo, pamoja na maelezo mafupi: kisima, pampu ya mkono, inafanya kazi. Barabara ni mfululizo wa nukta zilizounganishwa, na maelezo kwamba ni ya udongo. Jengo ni nukta zinazorudi mahali zilipoanzia.

Kwa kuwa kila kitu kimehifadhiwa peke yake, mtumiaji huweza kuuliza maswali. Huweza kuiambia kompyuta ionyeshe visima vyote vilivyo ndani ya kilomita 2 kutoka zahanati, au ihesabu majengo yaliyo karibu na mto, au itafute njia nyingine baada ya daraja fulani kufungwa. Na kosa likigunduliwa husahihishwa siku hiyohiyo, bila kungoja toleo jipya la kiwanda cha chapa.

Namba hizo zinahitaji uangalifu mkubwa. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Karani akiandika 8.51 badala ya 8.15, amelipeleka gari kilomita 40 mbali na wagonjwa. Akisahau alama ya kutoa inayoonyesha kusini ya ikweta, mahali palipo latitudo 8 kusini na longitudo 32 mashariki patahamia latitudo 8 kaskazini, yaani kutoka Rukwa hadi Sudan Kusini. Alama ndogo kama unyasi huwa imeongeza safari ya kilomita zipatazo 1,800.

SIMU HUJUAJE MAHALI ILIPO?

Wengi hudhani kwamba simu huhitaji mtandao ili ijue ilipo. Sivyo. Setilaiti za mfumo wa GPS huizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita zipatazo 20,200, na kila moja hutangaza bila kukoma saa yake na mahali ilipo. Simu husikiliza tu. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo hufika ardhini kwa muda usiotimia hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kupima uchelewaji huo simu hukokotoa umbali wake na setilaiti.

Umbali na setilaiti moja huiweka simu mahali popote juu ya tufe kubwa la kufikirika. Tufe la pili hulikata la kwanza na kuacha duara. La tatu huacha nukta mbili, ambazo moja yake haiko juu ya uso wa dunia. Setilaiti ya nne huhitajika kwa sababu saa ya simu si sahihi kama saa za setilaiti, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Mahali palipo wazi, simu ya kawaida huweza kujipima kwa kosa la mita chache tu.

Kwa mhudumu anayekwenda Kaoze jambo hili lina maana kubwa. Akiipakua ramani ya bonde zima kwenye simu akiwa bado mjini, ataweza kuitumia hata pale ambapo mtandao umekatika, kwa kuwa ramani imo mkononi na setilaiti ziko juu. Pamoja na hayo mhudumu mwenye busara hubeba pia nakala ya karatasi. Karatasi haiishiwi na chaji.

KAZI YA MIKONO MINGI

Swali linalobaki ni nani ayaandike mamilioni ya nyumba na njia za nchi nzima. Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote huweza kuiongezea na yeyote huweza kuitumia bila malipo. Nguvu yake katika maafa ilionekana baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la tarehe 12 Januari 2010. Ramani ya kina ya mji mkuu, Port-au-Prince, ilikuwa haba. Picha mpya za setilaiti zilitolewa, na mamia ya watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali wakazichora barabara, majengo na kambi za waliopoteza nyumba. Katika muda wa siku chache waokoaji wakawa na ramani ambayo haikuwapo kabla ya tetemeko. Kutokana na kazi hiyo likaundwa shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team.

Hata hivyo kuchora baada ya maafa ni kukimbizana na kifo. Mwaka 2014 shirika hilo, pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka na vyama vya Msalaba Mwekundu vya Marekani na Uingereza, lilianzisha mradi wa Missing Maps ili sehemu zenye hatari zichorwe mapema.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofanya kazi hiyo kwa bidii. Mwezi Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wakazi na Tume ya Sayansi na Teknolojia, walitembea mitaa ya mabondeni kama Tandale wakiandika nyumba, mifereji na kina ambacho maji ya mafuriko yaliwahi kufikia. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vyake kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Huko Mugumu, wilayani Serengeti, ramani zilizochorwa na mradi wa Crowd2Map, ulioanza 2015, zimesaidia kuvifikia vijiji wanamotoka wasichana wanaokimbia ukeketaji. Kabla ya hapo vingi vya vijiji hivyo havikuonekana katika ramani yoyote ambayo gari lingeweza kuifuata usiku.

Kompyuta nazo zimefundishwa kutambua mapaa. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa orodha ya majengo zaidi ya milioni 500 ya Afrika yaliyotambuliwa kwa mashine kutoka kwenye picha za setilaiti. Msaada huo ni mkubwa, kwa maana idadi ya mapaa huwezesha kukadiria idadi ya watu, na idadi ya watu huwezesha kukadiria dozi za chanjo. Lakini mashine hukosea. Huweza kuuita mwamba nyumba, au kuliacha paa la nyasi lenye rangi moja na udongo uliolizunguka. Na mara nyingi ni watu wa mapaa ya nyasi ndio walio mbali zaidi na zahanati.

JAMBO LISILOONEKANA KUTOKA ANGANI

Setilaiti huonyesha paa. Haionyeshi jina. Msichana aliyeketi mbele ya kompyuta Ulaya huweza kuichora kila nyumba ya Kaoze bila kujua kwamba pale panaitwa Kaoze, wala mahali kitongoji kimoja kinapokwisha na kingine kuanza. Lakini mgonjwa akifika zahanati hasemi latitudo. Husema jina la kitongoji chake, pengine kwa Kifipa, pengine kwa Kisukuma, na karani huliandika kama alivyolisikia. Jina lisipokuwamo kwenye ramani, mgonjwa huyo ana idadi lakini hana mahali. Daftari lake halina tofauti na lile la Snow kabla ya mistari meusi.

Majina pia hubeba elimu. Jina la Sumbawanga kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Majina mengine ya mahali huweza kueleza chemchemi, mti au kinamasi ambacho mgeni hawezi kukitambua wakati wa kiangazi. Vilevile picha iliyopigwa Septemba huonyesha njia nyeupe iliyonyooka, ilhali mwenyeji anajua kwamba njia hiyo haipitiki Februari. Anajua kivuko cha juu, kile kinachotumiwa na wachunga ng'ombe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kazi ya ramani ni mwenyeji ndiye humponya mgeni.

Yapo pia mambo ambayo hayafai kuandikwa. Ramani iliyo wazi kwa daktari iko wazi pia kwa mtu mwenye nia mbaya. Nyumba ya kuwahifadhi waliokimbia ukatili haiwekwi kwenye ramani ya wote, wala nyumba ya mgonjwa haiandikwi kwa jina lake. Mchoraji mwema huuliza kwanza nani atanufaika na nani ataumia.

KAZI KWA AJILI YA DARASA

Shule ya sekondari huweza kuianza kazi hii bila chombo chochote cha gharama. Kila mwanafunzi apime kwanza hatua zake: atembee mita 100 zilizopimwa kwa kamba na kuhesabu hatua, kisha agawanye. Akishika dira, ataweza kuchora shule na jirani zake kwa kipimo cha 1:1,000, ambapo sentimita 1 ni mita 10. Wanafunzi waweke visima, mabomba, vijito na vyoo vyote. Baada ya hapo wachore kwa bikari duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 3 kuzunguka kila kisima. Duara hilo ni mita 30, umbali ambao wataalamu wa afya hushauri choo cha shimo kisiukaribie kisima. Choo kitakachoangukia ndani ya duara kitajadiliwa na darasa, na pengine na kamati ya maji ya kijiji.

Hatua ya pili ni majina. Wanafunzi wawaulize wazee jina la kila kitongoji, kilima na kivuko, waandike kila namna jina linavyotamkwa, na waulize ni miezi gani kila njia hufungwa. Shule yenye simu moja ya kisasa huweza kulinganisha matokeo hayo na OpenStreetMap na kuongeza yaliyokosekana, baada ya mwalimu kuyahakiki na wenyeji kuridhia.

Yule mganga wa bondeni akipiga simu Februari, mtu aliye mjini ataifungua ramani. Ataziona nyumba, kwa sababu zilichorwa na watu wasiopata kufika Rukwa. Ataliona gari linavyosogea, kwa sababu ya saa zilizo kilomita 20,200 angani. Lakini jina la kitongoji, kisima chenye maji machafu na kivuko kinachopitika vitakuwamo tu ikiwa mtu wa bonde hilo aliviandika wakati wa kiangazi, kabla mvua hazijaanza na kabla mtu yeyote hajaugua.